Ghala la Maarifa na Wenye Mali Waliofungiwa Nje

Hapana neno lipendwalo katika ofisi kubwa za leo kama neno maarifa. Kila idara yasema kwamba maarifa ndiyo mali yake ya kwanza. Kila mkurugenzi asomaye hotuba ya mwisho wa mwaka huyataja kwa heshima kuliko fedha. Na kila muuzaji wa programu za kompyuta ana mfumo mmoja mkononi ambao, kwa ahadi yake, utayakusanya maarifa ya watumishi wote, utayapanga, utayatunza, na kumpa kila mwenye haja kwa kubonyeza kitufe. Mfumo hununuliwa. Watumishi huitwa ukumbini, hufundishwa kwa siku mbili, hupewa chai na vyeti, na picha hupigwa. Baada ya miezi michache mfumo huwa kama shamba lililotupwa. Wachache huuingia kwa kuogopa kukemewa, na waingiapo huandika yale tu ambayo hayawezi kuwadhuru. Maarifa yenyewe huendelea kukaa palepale yalipokuwa, yaani vichwani mwa watu, mikononi mwao, na katika mazungumzo yao wakati wa chakula. Hapo ndipo itolewapo hukumu iliyozoewa: watumishi ni wavivu, hawapendi mageuzi, hawana desturi ya kuandika.

Hukumu hiyo si ya haki. Washitakiwa hawakuulizwa lolote, mashahidi hawakuitwa, na aliyeketi katika kiti cha hakimu ndiye mwenye kosa. Mtumishi aliyekataa kuulisha mfumo maarifa yake mara nyingi ana akili timamu kuliko aliyeununua. Ameona kwamba chombo kile chachukua wala hakirudishi; kwamba akiandika kosa lake atahesabiwa kosa, na akiandika ujuzi wake hatahesabiwa chochote; kwamba maswali yaliyomo hayafanani na kazi aifanyayo. Mtu wa namna hiyo akinyamaza, kunyamaza kwake ni jibu, na jibu lenye maana, ila hapana aliyetaka kulisikia.

Kosa la kwanza limo katika mfano uliomo akilini mwa wajenzi. Wao huyafikiria maarifa kama nafaka. Mahindi yakishavunwa hayamhitaji tena mkulima. Huweza kupimwa, kutiwa katika magunia, kuchukuliwa kutoka Iringa mpaka Dar es Salaam, na mlaji asimjue aliyelima. Maarifa ya kazi hayavunwi hivyo. Nahodha wa jahazi aonaye rangi ya maji ikigeuka na kujua kwamba mwamba uko karibu hana gunia la kumpa mtu. Anacho kitu kinachoamka maji yageukapo, tena hutoka kinywani mwake mbele ya mtu mwingine aliye chomboni, mwenye haja ya kujua wakati uleule. Mwulize ofisini, mbele ya karatasi yenye nafasi ya mistari mitatu, naye atasema kwa haki kabisa kwamba hana la kuandika. Atakayeandika katika taarifa yake kwamba nahodha huyu hana maarifa amejionyesha mwenyewe.

Haya si mawazo ya mashairi. Yamechunguzwa kwa miaka mingi, na uchunguzi mmojawapo ulio bora ulifanywa kwa watu ambao hapana mtu angaliwadhania kuwa wanazuoni, nao ni mafundi wa mashine za fotokopi huko Marekani. Kampuni ya Xerox, iliyokuwa na kituo chake cha utafiti katika mji wa Palo Alto, jimbo la California, tangu mwaka 1970, ilikuwa na maelfu ya mafundi waliotembea ofisi kwa ofisi wakitengeneza mashine zilizoharibika. Wakubwa wa kampuni walikuwa na hakika kwamba kazi hiyo imeandikika yote. Mashine hutoa namba ya hitilafu. Fundi hutazama namba ile kitabuni. Kitabu humwambia apime hiki, na akiona vile abadilishe kile. Kwa imani hiyo fundi alikuwa mkono tu, na kichwa kilikuwa kitabu.

Katika miaka ya 1980 mtafiti mmoja wa kituo kile, Julian Orr, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu ambaye zamani alikuwa fundi, alifuatana na mafundi kazini, akala nao, akapanda magari yao, akasikiliza. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1996 kilieleza mambo ambayo mafundi wote waliyajua na wakubwa wote hawakuyajua. Kitabu cha maagizo kilifaa pale tu mashine ilipoharibika kwa njia iliyotazamiwa na mwandishi wake, na mashine hazina adabu ya namna hiyo. Mashine moja huwekwa penye joto, nyingine penye vumbi. Moja hutumiwa na karani mmoja mwangalifu, nyingine hupigwa makofi na watu arobaini kwa siku. Fundi hakutengeneza mashine peke yake. Alitengeneza mashine, mahali ilipo, na watu wanaoitumia, na hayo mawili ya mwisho hayamo katika kitabu chochote.

Kisa kimoja katika habari zile chastahili kuelezwa kwa kituo. Fundi alikuta mashine iliyotoa namba za hitilafu kwa wingi, lakini namba zile hazikupatana na jinsi mashine ilivyokuwa ikizimika. Kitabu kilikwisha kazi yake hapo. Fundi alimwita mtaalamu aliye juu yake. Mtaalamu naye alikuja na elimu yake yote akakwama. Kuibadilisha mashine kulikuwa ni kukiri kushindwa mbele ya mteja, nao hawakutaka aibu hiyo. Basi walikaa. Mmoja alikumbuka mashine iliyopata kufanya karibu na hivi. Mwenzake alikumbuka nyingine. Kila kisa kilizaa jaribio, na kila jaribio lilizaa kisa kingine. Baada ya saa nyingi za kusimuliana na kujaribu, vipande vya hadithi zao vilikutana, wakaijua hitilafu. Na hawakuishia hapo: kisa chote kilikwenda mezani kwa mafundi wengine, kikasimuliwa tena pamoja na kahawa, kikawa mali ya wote.

Sasa msomaji atazame meza ile ya kahawa kwa macho ya mhasibu. Ataona nini? Watu sita wenye mshahara, wamekaa, wanacheka, na mashine zawangoja. Karibu kila mpango wa kuongeza tija ungalianza kwa kuiondoa meza ile. Nayo ndiyo ilikuwa shule, maktaba na baraza la mafundi wale. Wakubwa waliokuwa wakitafuta maarifa ya kampuni kwa taa walikuwa tayari kuyafukuza maarifa yenyewe kwa kosa la uzembe.

Yaliyofuata yana faida zaidi. Wataalamu wa kompyuta wa kampuni ileile walijaribu kwanza kutengeneza programu yenye kufikiri kama fundi hodari, iliyojengwa juu ya ujuzi wa jinsi mashine ilivyoundwa. Ilikuwa kazi ya akili nyingi. Mafundi walipoonyeshwa waliisifu kwa adabu, kisha wakasema jambo lililoigeuza kazi yote: shida yao haikuwa yale ambayo mwundaji aliyajua, bali yale ambayo hakuyajua, yaliyozaliwa baada ya mashine kuingia katika ofisi za watu. Kwa bahati njema palikuwa na watu wenye masikio. Programu ile iliwekwa kando, na badala yake ukajengwa mfumo ulioitwa Eureka, ulioanza kutumiwa na mafundi wa Ufaransa katika miaka ya 1990 kabla ya kuenea nchi nyingine. Fundi aliyegundua dawa ya hitilafu iliyo nje ya kitabu aliiandika kwa maneno yake. Mafundi wenziwe wenye sifa waliipima, wakaikubali, wakaisahihisha au wakaikataa. Iliyokubaliwa ilipelekwa kwa wote, na jina la aliyeigundua likabaki juu yake. Palipozungumzwa habari ya kulipa fedha kwa kila shauri, wazo hilo lilikataliwa, maana fedha ingaliwafanya watu wahesabu mashauri badala ya kuyapima. Jina lilitosha, nalo jina, kwa fundi anayeheshimiwa na mafundi, si malipo madogo.

Eureka husifiwa sana katika vitabu vya usimamizi, na humo mna kichekesho. Wengi walioisoma habari yake walikwenda mbio kununua mahali pa kuhifadhia mashauri, wakadhani wamenunua Eureka. Walichonunua ni kabati. Yaliyoufanya mfumo ule uishi yalikuwa mengine kabisa: kwamba waliotoa ndio waliopokea; kwamba hakimu wa shauri alikuwa mtu mwenye grisi mkononi, si meneja aliye mbali; na kwamba kabla ya kuandikwa mstari mmoja wa programu mtu alikwisha kula na mafundi kwa muda mrefu. Kiwango cha kompyuta zao hakikuwa na sehemu kubwa katika habari hii.

Atasema mtu kwamba mashine ya fotokopi ikiharibika hapana afaye, na kwamba mahali penye hatari pahitaji amri na nidhamu, si masimulizi. Basi na apelekwe penye hatari. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, yapata saa kumi za usiku, kinu cha pili cha umeme wa atomu katika kisiwa cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, kilizimika kwa hitilafu ya kawaida. Vali moja juu ya kinu ilifunguka kupunguza shindikizo, kama ilivyopasa, kisha ikakwama wazi, na maji ya kupozea kinu yakawa yatoka. Katika chumba cha kuongozea mitambo palikuwa na taa ya vali ile. Taa ilizimika, na waendeshaji wakaamini kwamba vali imefungwa. Lakini taa haikuundwa kuonyesha hali ya vali. Iliundwa kuonyesha kwamba amri ya kufunga imepelekwa. Mwundaji alikuwa ameandika katika ukuta ule jambo alilolitaka liwe, na waendeshaji walilisoma kana kwamba ndilo lililokuwa.

Vikengele vya hadhari zaidi ya mia vililia katika dakika chache za kwanza, kile cha hatari na kile cha upuuzi kwa sauti moja. Mashine ya kuchapa taarifa za hadhari ilizidiwa, ikawa yachapa mambo yaliyokwisha kupita zamani. Geji ambayo ingaliwaambia ukweli juu ya maji yaliyotoka ilikuwa nyuma ya ubao, mahali ambapo mtu aliyesimama penye kazi yake haoni. Watu wale, wakiamini kama walivyofundishwa kwamba kinu kimejaa maji kupita kiasi, walipunguza maji ya dharura yaliyokuwa yakiingia yenyewe. Zaidi ya saa mbili zilipita mpaka mtu aliyekuja kupokea zamu, asiyekuwa amezongwa na kelele tangu mwanzo, alipotazama upya na kuelekeza njia ya vali ile izibwe. Karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka.

Hayo ni maarufu. Yaliyo muhimu zaidi kwa mjadala huu hutajwa mara chache. Tarehe 24 Septemba 1977, miezi kumi na minane kabla yake, katika kinu cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, kilichoundwa na kampuni ileile ya Babcock & Wilcox, vali ya namna ileile ilikwama wazi vilevile, na waendeshaji walifanya kosa lilelile la kupunguza maji. Kwa kuwa kinu kile kilikuwa kikienda kwa nguvu ndogo, na vali iligunduliwa mapema, hapakuwa na msiba. Mhandisi mmoja wa kampuni iliyounda vinu aliyaona maana yake. Mwezi Februari 1978 aliandika barua ndani ya kampuni akitaka waendeshaji wote wapewe maagizo mapya. Barua ile ilitoka idara hii ikaenda idara ile. Mmoja aliuliza swali, mwingine akachelewa kujibu. Na siku ya Machi 1979 ilipofika maagizo yalikuwa hayajawafikia watu wa Three Mile Island.

Maarifa, basi, yalikuwako. Yaliandikwa kwa lugha safi, yalihifadhiwa, yalikuwa na tarehe na sahihi. Mtu wa ghala angalisema kwamba mali imo shubakani na hesabu imetimia. Lakini mwendeshaji wa zamu ya usiku hakuwa na habari kwamba shubaka hilo lipo, na hapana mtu katika safari yote ya barua ile aliyejiuliza itamfikiaje mtu aliyesimama mbele ya taa. Tume iliyoundwa na Rais Carter chini ya John Kemeny, mtaalamu wa hesabu, ilipotoa taarifa yake mwezi Oktoba 1979, ilikataa kuwabebesha waendeshaji mzigo peke yao. Ilinyosha kidole kwa mafunzo yao, kwa chumba chao, na kwa watu waliojua wasiwaambie. Mwezi Desemba mwaka uleule wenye vinu walianzisha chombo cha kuchungua ajali na kupashana habari. Kiliwagharimu kinu kizima kujua kwamba barua isiyomfikia mwenye haja ni karatasi.

Mtu wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuyasoma haya kama habari za ng'ambo. Hana kinu cha atomu, lakini anazo hospitali na zahanati, na hakuna kazi yenye mambo mengi yaliyofungamana kama wodi. Tanzania ina mfumo wa taarifa za afya uitwao MTUHA, ulioanza katika miaka ya 1990, wenye vitabu vya rejesta vya kila namna ya huduma: wagonjwa wa nje, wajawazito, uzazi, watoto, na kadhalika. Kenya mwaka 2011 ilieneza nchini kote mfumo wa kompyuta wa DHIS2, nayo Tanzania iliufuata. Mjini na wilayani takwimu sasa huonekana katika michoro ya kupendeza. Hapana mwenye akili atakayesema kazi hii ilikuwa bure. Taifa lisilojua wangapi wanakufa na kwa nini ni taifa lipofukalo kwa hiari.

Lakini na afuatwe muuguzi wa zahanati ya kijijini siku moja tu. Yuko peke yake au na mwenzake mmoja. Amezalisha, amechoma sindano, amepima watoto, na mgonjwa mmoja humwandika mara mbili au tatu katika vitabu mbalimbali, kwa kuwa kila programu ya maradhi yataka safu zake. Mwisho wa mwezi huketi na kuhesabu vijistari, akajaza fomu, fomu ikaenda wilayani. Kisha? Kwa kawaida hapana kisha. Ikirudi sauti yoyote huwa ni ya kuuliza kwa nini fomu imechelewa au kwa nini safu fulani haikujazwa. Jambo alilolijua yeye, kwamba akina mama wa kitongoji fulani hawaji kujifungua kwa sababu mto hujaa mwezi wa Aprili, halina safu. Na zile zenye safu, akizidiwa, atazijaza usiku kwa kukisia. Mfumo humfundisha kusema uongo kwa upole, kisha wataalamu huja kutoka mjini na semina juu ya ubora wa takwimu.

Tiba yake si ya ndoto. Ilipata kuonekana nchini humohumo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa TEHIP, uliofanywa na Wizara ya Afya ya Tanzania pamoja na shirika la utafiti wa maendeleo la Canada, ulikwenda katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza waliofiwa jinsi ndugu zao walivyougua. Majibu yao hayakupelekwa juu yakapotea. Yaligeuzwa kuwa picha nyepesi, miti mirefu na mifupi juu ya karatasi, yakarudishwa kwa viongozi wa afya wa wilaya ambao ndio waliokuwa wakipanga bajeti. Huko Morogoro waliona kwamba malaria ilichukua kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, nayo ilipewa asilimia 5 tu ya fedha za mwaka 1996. Hapakuhitajiwa hotuba. Watu walewale, kwa fedha za ziada zisizo nyingi, waligeuza mgawanyo wao, na vifo vya watoto wadogo katika wilaya zile vilipungua katika miaka iliyofuata. Vyandarua na tiba bora vina sehemu yao katika sifa hiyo. Lakini vilinunuliwa na kupangwa na watu walioonyeshwa hali ya wilaya yao kwa lugha waliyoweza kuitumia Jumatatu asubuhi.

Na katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, ambako Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana walianzisha kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta mwaka 2001, watafiti walikaa na saa mkononi kabla na baada, wakipima kila mhudumu anatumia muda gani kwa kila kazi. Walitaka kujua kama mfumo unampunguzia kazi mtu au unamzidishia. Swali hilo ni jepesi hata laona haya kuandikwa, na bado mifumo mingi hununuliwa pasipo mtu hata mmoja kuliuliza.

Yapo maneno ya upande wa pili, nayo yasifichwe. Yasemwa kwamba maarifa yakaayo vinywani hufa na wenye vinywa. Fundi mkuu akistaafu huenda na kiwanda nusu. Ni kweli. Yasemwa pia kwamba mazungumzo hubeba makosa kama yabebavyo ujuzi, na kwamba wazee wa kazi waweza kurithisha desturi mbaya kwa miaka thelathini. Nayo ni kweli, na ndiyo sababu mafundi wa Ufaransa walipima mashauri ya wenzao kabla ya kuyaeneza. Hapana anayeomba daftari lichomwe moto. Linaloombwa ni kwamba daftari limfuate mtu penye kazi, badala ya mtu kuacha kazi kulifuata daftari. Anayejibu kwamba hilo ni ghali na ahesabu kwanza gharama ya mifumo iliyonunuliwa ikafa. Hesabu hiyo haifanywi, kwa kuwa watakaoifanya ndio walionunua.

Lipo na jambo la lugha, ambalo wanazuoni wa Kiswahili wameliachia wengine kwa muda mrefu mno. Kazi nyingi za nchi hizi hufanywa kwa Kiswahili na kuripotiwa kwa Kiingereza. Fundi wa gari husema kwamba injini inakohoa, kwamba inakula oili, kwamba gari linavuta upande. Na kila fundi mwenziwe huelewa mara moja, hata hujua aanzie wapi kufungua. Mpe fomu ya kompyuta yenye orodha ya hitilafu kwa Kiingereza cha kiwandani achague moja. Atachagua iliyo karibu, au ya kwanza, au ile iliyompitisha jana. Kukohoa kwa injini kumepotea, na pamoja nako kumepotea maarifa ya miaka ishirini ya masikio. Vyuo hutunga istilahi za kompyuta kwa juhudi kubwa, na ni kazi njema. Lakini msamiati wa gereji, wa jiko la hoteli, wa wodi ya wazazi na wa bandari umelala bila kukusanywa, ingawa humo ndimo maarifa ya kazi yalimopata majina yake.

Siku hizi wamekuja wauzaji wapya, wale wa akili bandia, na ahadi yao ni kubwa kuliko zote: mashine itasoma kila kilichoandikwa na kumjibu kila aulizaye. Chombo hicho chaweza kufaa sana. Ila mashine itasoma rejesta zilizojazwa usiku kwa kukisia, fomu zilizochaguliwa ya kwanza, na taarifa za watu walioogopa kukemewa. Kisha itasema yaliyomo kwa ufasaha ambao muuguzi aliyechoka hakuwa nao, na uongo wa zahanati utapata sauti ya mwalimu. Ule mto ujaao mwezi wa Aprili hautakuwamo, kwa sababu haukuwa na safu.

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kila mwaka huwapa shahada vijana wengi wanaojua kuchora mifumo, na huwatuma kwa majuma kadhaa katika ofisi zenye viyoyozi kwa mazoezi. Na wapelekwe kwingine. Na wakae zamu za usiku wodini, wakimbebea muuguzi rejesta zake. Wakae gerejini mpaka waweze kusikia injini inayokohoa. Wanywe kahawa na mafundi pasipo kalamu mkononi kwa siku za kwanza. Wafuatane na wanafunzi wa Kiswahili, ambao kazi yao iwe kusikiliza maneno. Na mchoro wao wa kwanza wauonyeshe kwa muuguzi yule kabla ya kumwonyesha profesa, naye apewe ruhusa ya kuufuta.